Taa ya injini inafutwa, inarudi: kuchunguza hitilafu ya VVT-i kwenye Toyota zenye 1ZZ na 1NZ

Mashine ya kusomea hitilafu imesoma msimbo wa P1349, msimbo umefutwa, taa imezimika, na baada ya siku chache imewaka tena. Sensa ya kamshafti (shafti inayofungua valvu za injini) ikabadilishwa, ikawaka tena. Wenye Wish, Allion, Premio, Spacio na Fielder wengi wanaishia hapo, na mara nyingi pesa iliyokwisha tumika ingetosha kununua kile kilichoharibika kweli. Msimbo huu haumtaji mkosaji. Unasema tu kwamba kompyuta ya injini, ambayo mafundi tunaiita kontroli boksi, iliagiza kamshafti itangulie au irudi nyuma, na kamshafti haikutii. Kilichokaidi kinatafutwa kwa mpangilio, kuanzia kwenye kijiti cha oili, ambacho hakigharimu kitu, hadi kufungua kava ya cheni, ambako ni gharama.

Maelezo haya yanahusu injini mbili: 1ZZ-FE ya cc 1,800 (Wish ya ZNE10, Allion na Premio za ZZT240, Spacio ya ZZE122, RAV4 ya ZCA26) na 1NZ-FE ya cc 1,500 (Allion na Premio za NZT240, Fielder, Runx na Allex za NZE121, Probox ya NCP51, Raum ya NCZ20). Zote zina cheni ya taimingi, si mkanda, na zote zina VVT-i, yaani mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, upande wa inteki (unakoingilia hewa) peke yake.

Mfumo wenyewe unavyofanya kazi

Kwenye ncha ya kamshafti ya inteki kuna gia yenye sehemu mbili: ganda la nje linalovutwa na cheni, na mapanga ya ndani yaliyokaa pamoja na kamshafti. Kati yake kuna vyumba vya oili. Oili ikisukumwa upande mmoja, mapanga yanasogea na kamshafti inatangulia. Ikisukumwa upande wa pili, inarudi nyuma. Kinachoelekeza oili hiyo ni valvu ya VVT-i, kidude chenye koili ya umeme na kijiti kinachoteleza ndani yake, kilichochomekwa kwenye silinda hedi upande wa mikanda. Kabla oili haijafika kwenye valvu inapita kwenye kichujio kidogo cha wavu ambacho watu wengi hawajui kama kipo.

Sensa ya krankshafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) na sensa ya kamshafti hazisukumi chochote. Zinatoa ripoti tu. Kwa hiyo kwenye P1349, mtu anayekuuzia sensa ya kamshafti kabla ya kupima kitu anakubadilishia mtoa taarifa. Sensa ikifa inaleta msimbo wake, P0340 kwa kamshafti au P0335 kwa krankshafti.

Injini ikizimwa, mapanga yanarudi nyuma kabisa na pini ndogo inajifunga, ili asubuhi wakati oili haijapanda gia isichezecheze. Kumbuka pini hiyo, tutarudi kwake.

Soma msimbo wenyewe, usikubali neno "taimingi"

Fundi akikwambia "ni taimingi", muulize namba. Tofauti ni kubwa:

P1349: kamshafti haifuati agizo. Hapa wa kushukiwa ni oili, wavu, valvu au gia.
P1656: waya au koili ya valvu. Hii ni ya umeme tu, na ndiyo rahisi kuliko zote.
P1346: ripoti ya sensa mbili hazilingani. Hapa cheni inaingia kwenye orodha: imerefuka au imeruka jino. Gia iliyokwama mahali pasipo pake inaweza kuleta msimbo huu pia.

Toyota za baadaye zinatumia misimbo ya kawaida ya dunia: P0010 kwa umeme wa valvu, P0011 kamshafti imetangulia kupita kiasi, P0012 imechelewa kupita kiasi, P0016 krankshafti na kamshafti hazilingani. Uchunguzi ni uleule.

Tatizo la magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, hasa ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni kwamba vile vidude vya Bluetooth vya bei rahisi vya kusomea misimbo kwa simu mara nyingi havisomani nayo. Simu ikiandika kwamba haijaunganika, usihitimishe kwamba kontroli boksi imekufa. Tafuta mashine yenye programu ya Toyota, au tumia waya.

Njia ya waya ni hii. Chini ya dashibodi upande wa dereva kuna soketi ya matundu 16, yenye ubavu mmoja mpana kuliko mwingine. Ukiiangalia ubavu mpana ukiwa juu, safu ya juu ni namba 1 hadi 8 kutoka kushoto, ya chini ni 9 hadi 16. Swichi ikiwa imezimwa, unganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya mwembamba: la nne kutoka kushoto juu, la tano kutoka kushoto chini. Hesabu mara mbili. Tundu la 16, la mwisho kulia chini, lina moto wa betri muda wote, na ukiliunganisha na la 4 umepiga shoti. Kisha washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini itaanza kukonyeza. Taa za ABS na eabegi nazo zitakonyeza, ziache. Ikikonyeza harakaharaka bila kupumzika, hakuna msimbo uliohifadhiwa. Ikikonyeza mara tano, ikapumzika kidogo, kisha mara tisa, hiyo ni 59, yaani P1349. Namba 39 ni P1656, na 18 ni P1346. Ikiwa ipo zaidi ya moja zitafuatana, ndogo kwanza, halafu zinajirudia.

Mashine nzuri ina faida moja ambayo waya hauna: inaonyesha hali ya injini wakati msimbo ulipojiandika. Angalia joto la maji, resi (mizunguko ya injini kwa dakika) na mwendo. Msimbo ulioandikwa injini ikiwa moto, gari limesimama kwenye foleni, unanong'ona habari za presha ya oili. Ulioandikwa mara tu injini inapopata joto, ukiwa barabarani, mara nyingi ni valvu nzito au wavu ulioziba. Andika pembeni kabla ya kufuta, maana ukifuta na hayo yanaondoka.

Oili kabla ya spana

VVT-i inaendeshwa na oili. Hivyo kabla hujagusa bolti:

Paki gari mahali tambarare, zima injini, subiri kama dakika tano, vuta kijiti. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza kwanza, futa msimbo, endesha wiki moja ndipo uendelee na hatua nyingine. 1ZZ za mwanzo zina sifa mbaya ya kula oili kupitia ringi za pistoni, na wenye magari hayo huona taa kabla ya kuona moshi. Ukiongeza oili taa ikatulia, kisha ikarudi baada ya wiki kadhaa, pima kijiti tena kabla ya kulaumu valvu. Huenda taa inakukumbusha kuongeza oili tu.

Pili, unene. Injini hizi zimetengenezewa 5W-30. 10W-30 kwa joto la kwetu haina shida. Lakini gari likianza kula oili, ushauri wa kijiweni ni 20W-50 "ili izibe". Oili nzito hiyo inapita kwa shida kwenye wavu na kwenye vijia vya valvu, hasa asubuhi, na kamshafti inachelewa kufuata agizo. Kwa P1349 inayojitokeza muda mfupi baada ya kubadilisha oili, swali la kwanza ni: uliweka ipi?

Tatu, hali yake. Fungua kifuniko cha kumiminia oili, mulika na tochi ndani. Chuma chenye rangi ya kahawia iliyokolea ni kawaida kwa gari la umri huu. Tope jeusi linaloshikana kama grisi si kawaida. Tope hilo ndilo linaloziba wavu.

Kama oili ni chafu au hujui iliwekwa lini, badilisha pamoja na filta. Injini zote mbili zinachukua takriban lita 3.7 ukibadilisha na filta. Mimina lita 3.5, washa, zima, pima, malizia polepole. Filta isiwe ile ya bei ya kutupa: vali yake ya ndani ikiwa legevu, oili yote inashuka usiku, na asubuhi mfumo unaanza mkavu. Injini yenye tope usiisafishe kwa dawa kali ya kuoshea injini. Dawa inabandua mabonge, mabonge yanakwenda kwenye wavu wa valvu na kwenye chujio la pampu ndani ya sampu (beseni la oili chini ya injini), na hapo umetoka kwenye taa ya injini umeingia kwenye taa ya oili. Ni salama zaidi kuweka oili nzuri, kutembea kilomita elfu moja, kumwaga, kuweka nyingine.

Jaribio la volti 12

Hili ndilo jaribio linalokata maneno, na linafanyika kwa dakika kumi. Unahitaji waya mbili zenye klipu, na kwenye waya wa chanya uweke fyuzi ya ampea 5. Koili ya valvu ina upinzani wa takriban omu 7, kwa hiyo kwa volti 12 inavuta chini ya ampea 2; fyuzi ya 5 inatosha na inakulinda klipu zikigusana.

Pasha injini mpaka feni ya rejeta iwake. Iache sailensa, yaani ikinguruma yenyewe bila kukanyaga mafuta, AC imezimwa. Isikilize kwanza: kama tayari inamisi au inatetemeka kwa sababu ya plagi au throto chafu, shughulikia hilo kwanza, la sivyo hutajua kilichobadilika ni kipi.

Chomoa soketi ya valvu ya VVT-i. Injini itulie vilevile. Kama ilikuwa inatetemeka na ikatulia ulipochomoa, maana yake valvu ilikuwa inapelekewa umeme kipindi ambacho haikutakiwa, kagua waya.

Sasa peleka volti 12 za betri kwenye pini mbili za valvu yenyewe. Kwenye valvu, si kwenye ile soketi uliyoichomoa. Soketi inakwenda moja kwa moja kwenye kontroli boksi, na moto wa betri ukiingia huko utanunua kontroli boksi. Gusa kwa sekunde chache tu.

Injini ikianza kutetemeka vibaya au ikazima kabisa, furahi. Kamshafti imetangulia wakati wa sailensa, jambo ambalo injini haiwezi kulivumilia, na hiyo ni dalili kwamba valvu inafunguka, oili inafika, na gia inasogea. Tatizo lako basi ni la kuja na kuondoka: wavu ulioziba nusu, valvu inayokwama mara moja moja, waya unaoachia, au oili inayopungua. Ondoa umeme, injini irudi kwenye utulivu mara moja. Ikichelewa kurudi, kijiti cha valvu ni kizito au gia inakwama kurudi.

Isipobadilika kitu, kuna kimoja kati ya vitatu: valvu haifunguki, oili haifiki, au gia imeshikana. Hatua inayofuata inatenganisha.

Kutoa valvu na wavu wake

Ngoja injini ipoe. Valvu imeshikwa na bolti moja ya namba 10. Safisha eneo lote kwa brashi na petroli kidogo kabla ya kulegeza, kwa sababu mchanga ukidondoka kwenye tundu unaingia kwenye mfumo ule ule unaojaribu kuusafisha. Toa bolti, zungusha valvu kushoto na kulia huku ukiivuta. Usiipige wala kuibana kwa koleo kwenye sehemu ya koili. Plastiki ya umri wa miaka ishirini inapasuka kama yai. Weka kitambaa chini, oili itachuruzika kidogo, na isidondokee mkanda wa alternata.

Pima upinzani kati ya pini mbili kwa multimita. Kwa joto la nyuzi 20 inatakiwa kuwa omu 6.9 hadi 7.9. Valvu ikiwa ya moto, namba inapanda kwa sababu shaba ikipata joto upinzani wake huongezeka. Kusoma 9 au hata 10 injini ikiwa imetoka barabarani si kosa. Kusoma sifuri au kukosa kabisa ni koili iliyokufa.

Kisha iangalie ikifanya kazi. Shika valvu mkononi, tazama kwenye madirisha ya ubavuni, gusa volti 12. Kijiti kiruke mbele mara moja kwa mlio mfupi, na ukiondoa umeme springi ikirudishe mara moja, hadi mwisho. Kinachosogea nusu, au kinachorudi kwa uvivu, ndicho kilichokuwashia taa. Rudia mara nyingi, kwa kuwa uchafu mdogo unakwama mara moja katika kumi. Kagua kama kuna vipande vya chuma vilivyonasa kwenye madirisha: ukiviona, tatizo ni kubwa kuliko valvu, na wanaotakiwa kushukiwa ni cheni, miongozo yake au beringi.

Uchafu wa kawaida unatoka kwa kabureta klina au petroli safi na upepo wa kompresa, huku ukikifungua na kukifunga kijiti kwa umeme mara kadhaa. Usiingize waya, bisibisi wala msasa. Nafasi kati ya kijiti na nyumba yake ni ndogo sana na mkwaruzo mmoja unatosha kuiharibu. Valvu iliyosafishwa ikakubali inaweza kudumu miaka. Ila ikikwama tena baada ya kusafishwa vizuri, nunua nyingine.

Sasa wavu. Karibu na valvu, kwenye silinda hedi, kuna plagi ya bolti ambayo haishiki kitu chochote. Ndani yake ndimo kichujio kilimo. Mara nyingi imekaa toka gari litoke kiwandani, kwa hiyo tumia soketi inayokaa sawasawa, si spana iliyoliwa mdomo. Wavu ukitoka, uinue juu ya mwanga. Ule mzima unapitisha nuru kila tundu. Ulioziba una ngozi nyeusi, au una vijinyuzi vya silikoni ya gasketi vinavyotoka kwa fundi aliyewahi kufunga kava ya valvu (kifuniko cha juu cha injini) au sampu kwa silikoni nyingi kupita kiasi. Hilo la silikoni linatokea kuliko watu wanavyodhani. Loweka, puliza kutoka ndani kwenda nje, na ukiona umechanika badilisha. Usiuache mfumo bila wavu eti "oili ipite vizuri", kwa sababu kila takataka itakwenda moja kwa moja kwenye valvu.

Kabla ya kurudisha, weka oringi mpya kwenye valvu na uipake oili safi. Oringi ya zamani inakuwa ngumu na bapa, na ndiyo chanzo cha ule mvujo unaoshuka upande wa mikanda. Bolti ya valvu inakazwa kwa nguvu ndogo sana. Hedi ni ya aluminiamu na uzi wake unakatika kirahisi.

Kuhusu kununua. Valvu ya 1ZZ na ya 1NZ si moja ingawa zinafanana kwa mbali, kwa hiyo nenda dukani na ya zamani mkononi pamoja na namba ya chesesi, iwe ni Kariakoo ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi. Kopi za bei ya chini zinapima omu sahihi kabisa na bado zinaleta taa, kwa sababu ubovu wake uko kwenye springi na kwenye ulaini wa kijiti. Muombe muuzaji betri, ijaribu kaunta. Valvu iliyotumika kutoka injini ya Japani, ikijaribiwa hivyo na kuoshwa, kwa maoni yetu ni afadhali kuliko kopi mpya.

Waya

Hii tupite haraka. Kwa P1656, au pale jaribio la volti 12 lilipofaulu na taa bado inarudi, kagua soketi ya valvu: pini zilizolegea, oili ndani ya soketi, kilimi cha plastiki kilichovunjika kiasi kwamba soketi haijifungi. Injini ikiwa sailensa na mashine ikiwa imeunganishwa, shika waya karibu na soketi uutikise, kisha fuatilia hadi mahali unapopinda. Waya unaopita karibu na joto la injini unakuwa mkavu na kukatika ndani wakati ganda la nje ni zima. Betri ikiwa imechomolewa, upinzani wa kila waya kutoka soketi hadi kontroli boksi uwe chini ya omu 1, na kila mmoja usigusane na bodi.

Gia na cheni

Unafika hapa kama oili ni nzuri, wavu ni safi, valvu inaruka vizuri mkononi, lakini jaribio la volti 12 halibadilishi kitu. Au kama msimbo ni P1346.

Pima presha ya oili kwanza kwa geji, ukiifunga mahali pa swichi ya oili. Kwa 1ZZ iliyopata moto, sailensa isipungue kPa 29, na kwa resi 3,000 iwe kati ya kPa 294 na 539. Presha ikiwa chini, kubadilisha gia ni kupoteza pesa.

Sikiliza injini ikiwashwa asubuhi. Mgongano mkali wa sekunde moja hivi upande wa mikanda, kisha kimya, unaelekeza kwenye ile pini ya gia: imelika, haijifungi. Mlio wa kukwaruza unaoendelea baada ya hapo, hasa ukipandisha resi kidogo, unaelekeza kwenye cheni na taita yake (kidude kinachoikaza).

Kuhakiki taimingi yenyewe, fungua kava ya valvu, toa plagi zote ili injini izunguke kwa wepesi, na uizungushe kwa soketi kwenye bolti ya puli ya krankshafti, kwa mwelekeo wa saa ukiitazama puli. Usiirudishe nyuma. Ukipitiliza alama, zunguka tena mizunguko miwili kamili. Lenga mfuo wa puli ukae kwenye alama ya 0 ya kava ya cheni. Kwenye 1ZZ, vitone vya gia mbili za juu vinatakiwa vitazamane, vikiwa kwenye mstari mmoja sambamba na uso wa juu wa kava ya cheni. Kama vimetazama pande zisizofaa, zungusha mara moja zaidi. Krankshafti inazunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa kamshafti. Kwa 1NZ fuata mchoro wa alama za injini hiyo, usitumie wa 1ZZ.

Hapa kuna jambo linalowachanganya hata mafundi wazoefu. Kitone kipo kwenye ganda la nje la gia, lile linalovutwa na cheni. Kwa hiyo vitone vikilingana vinathibitisha cheni haijaruka, lakini havisemi kamshafti yenyewe iko wapi. Vitone vikiwa sawa na P1346 bado ipo, gia inaweza kuwa imekwama ikiwa imetangulia. Vitone vikiwa vimepishana, cheni imeruka au imerefuka.

Kwenye 1ZZ taita ya cheni inatolewa kutoka nje, bila kufungua kava. Urahisi huo ni mtego: taita ikiwa nje, mtu akigusa puli, cheni inaweza kuruka jino. Weka alama za 0 kwanza, na usizungushe chochote mpaka irudi. Cheni ikiwa nje, pima urefu wa pini 16 ikiwa imevutwa. Ikizidi mm 122.7 kwa 1ZZ, imekwisha. Ukibadilisha cheni, badilisha taita na miongozo yake pamoja.

Gia ya VVT-i haitengenezwi. Inatolewa kwa bolti moja ya katikati, huku kamshafti ikishikwa kwa spana kwenye sehemu yake ya pembe sita, si kwa kutegemea cheni iizuie. Bolti nne ndogo zinazoizunguka usiziguse. Ukizifungua umefungua vyumba vya oili, na gia hiyo haitarudi kuwa nzima.

Kufuta na kuthibitisha

Kama huna mashine, toa fyuzi iliyoandikwa EFI kwenye boksi la fyuzi za upande wa injini kwa sekunde 60 au zaidi, swichi ikiwa imezimwa.

Kontroli boksi haipimi VVT-i injini ikiwa baridi. Inasubiri ipate joto na resi ziwe kati ya 400 na 4,000. Kwa hiyo kuzunguka mtaa mara mbili na kusema "imepona" si ushahidi. Pasha injini kikamilifu, iache sailensa dakika kadhaa, endesha kwa mwendo wa kati usiobadilika, panda mlima kwa kukanyaga taratibu, shuka, simama kwenye foleni ikiwa moto. Fanya hivyo siku kadhaa mfululizo, ukianza kila siku na injini baridi. Kwenye mashine, fungua ukurasa wa namba hai na tazama pembe iliyoagizwa na pembe halisi ya kamshafti: zikifuatana kwa karibu ukikanyaga na kuachia, kazi imekwisha. Halisi ikifuata kwa kuchelewa, taa itarudi hata kama leo imezima.

Na je, unaweza kuendelea kuendesha wakati unatafuta spea? Kwa P1349, ikiwa oili imejaa na hakuna mlio wa chuma, ndiyo, kwa upole. Utasikia gari limekuwa zito na linakunywa mafuta zaidi. Kwa P1346 yenye mkwaruzo upande wa mikanda, au taa ya injini inayokonyeza ukiwa unaendesha, au taa nyekundu ya oili, zima na uvutwe.